Protoni Dhaifu Zilizoidhuru Chandra

Katika kuiga kwa kompyuta madhara ambayo mnururisho huvifanyia vyombo vya angani, kinachonitia shaka mara nyingi ni mchoro wa chombo chenyewe. Mwendo wa protoni ndani ya maada hushughulikiwa vizuri na Geant4, programu ambayo mtu yeyote hapa Nairobi anaweza kuipakua bure. Mwanafunzi ninayemwongoza aliniletea mchoro wa sanduku la alumini lenye kipande cha silikoni ndani, akaniuliza kama unatosha kukadiria uhai wa kihisi, yaani hicho kipande cha silikoni. Nilimweleza yaliyoipata Chandra.

Darubini hiyo ya eksirei ya Marekani ilirushwa Julai 1999. Kamera yake, ACIS, ilikuwa imekingwa kwa kuta nene dhidi ya protoni kali, lakini mara ilipoanza kupita kwenye mikanda ya mnururisho inayoizunguka Dunia, vihisi 8 kati ya 10 viliharibika kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Waliohusika walikuwa protoni dhaifu, za takriban kiloelektronivolti 100 (kipimo cha nishati ya chembe), ambazo zisingeweza kupenya kuta hizo, ila ziliingia kwa mbele, zikaparuza vioo vinavyokusanya eksirei na kuelekezwa moja kwa moja kwenye kamera.

Udhaifu wao ndio uliozifanya ziwe hatari. Protoni ya namna hiyo hukwama takriban mikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita) ndani ya silikoni, karibu kabisa na mfereji ambamo elektroni za picha husafirishwa kutoka pikseli hadi pikseli, na hapo huzing'oa atomi mahali pake. Mapengo yanayobaki huzinasa elektroni na kuziachia kwa kuchelewa, hivyo nishati ya eksirei hupimwa vibaya. Vihisi viwili vilivyosalimika vilikuwa vimewekwa mgongo ukielekea mwanga, mfereji huo ukiwa upande wa pili, na unene wa silikoni yao wenyewe ukaukinga.

Tangu hapo, ACIS huondolewa kwenye fokasi, yaani mahali vioo vinapoelekeza eksirei, kila Chandra inapoikaribia mikanda hiyo. (Sisi Wakenya tuna haki ya kuifuatilia historia hii kwa karibu: Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei, ilirushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970.)

Mwanafunzi wangu sasa ameongeza vioo kwenye mchoro wake, na amekutana na ugumu ambao alumini isingemwonyesha. Protoni inayoparuza kioo kwa pembe ndogo hutawanyika kwa namna inayotegemea sana kanuni aliyoichagua ndani ya programu, na kanuni mbili zinazokubalika zinaweza kutoa idadi tofauti za protoni zinazofika kwenye kihisi. Nimemshauri aendeshe zote mbili, azilinganishe na vipimo vya maabara vilivyochapishwa, na aandike tofauti hiyo waziwazi kwenye ripoti yake badala ya kuchagua jibu linalopendeza.