Siku Moja Katika Kliniki ya Tiba na Matunzo, Mufindi

Saa 1:30 asubuhi. Ukungu wa Julai bado umefunika mashamba ya chai, na benchi la nje ya kliniki limekwisha kujaa watu waliojifunika makoti na vitenge. Iringa, pamoja na majirani zetu Njombe na Mbeya, ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU nchini, kwa hiyo benchi hilo halijawahi kunishangaza.

Saa 2:00. Katika elimu ya asubuhi mzee mmoja ameuliza kwa nini anywe dawa ilhali hajisikii mgonjwa. Nimemweleza kwamba kirusi hushambulia hasa seli za CD4, ambazo huziongoza seli nyingine za kinga kupambana na vijidudu. Hujishikiza kwenye seli hiyo, hupachika vinasaba vyake ndani ya vinasaba vya seli, kisha huilazimisha kuzalisha virusi vipya. Mtu mzima mwenye afya huwa na seli hizo kati ya 500 na 1,500 katika kila milimita ya ujazo wa damu. Zikishuka chini ya 200, magonjwa nyemelezi kama kifua kikuu na fangasi wa ubongo hupata njia. Kushuka huko huweza kuchukua miaka bila dalili yoyote, ndiyo maana siku hizi dawa huanzishwa mara tu mtu anapogundulika.

Saa 3 hadi saa 5 nimegawa dawa na kuchukua sampuli za kupima wingi wa virusi.

Saa 5:15. Ameingia mchuma chai, akiongozwa na dada yake.

“Kaka amebadilika, daktari. Nikimtuma dukani anarudi mikono mitupu, na shambani kilo za chai anazochuma zimeshuka hadi msimamizi anamwita mvivu. Nyumbani wanasema amerogwa.”

Faili linaonyesha kwamba aliacha dawa alipokwenda kupasua mbao. Nimemtajia maneno manne ayashike: mbwa, kofia, haragwe, nyekundu. Kisha nimemwomba agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka awezavyo, na baadaye apige ngumi mezani, alaze kiganja, asimamishe mkono kwa ubavu, arudie. Mikono hiyo imezoea kuchuma majani mawili na chipukizi pasipo hata kuitazama, lakini baada ya ngumi na kiganja ilisimama, naye akanitazama mimi. Maneno aliyoyakumbuka ni mawili. Katika kipimo hiki chenye alama 12, anayepata 10 au chini ya hapo huhitaji uchunguzi zaidi, naye alikuwa chini kabisa ya hapo.

Dada alistahili maelezo kamili. Kirusi hufika kwenye ubongo mapema, ndani ya wiki chache za maambukizi, kikibebwa na seli nyeupe za damu, kisha hujificha katika seli za ulinzi za ubongo zenyewe. Seli za neva hakiziambukizi moja kwa moja. Huumizwa na uvimbe na protini zinazomwagwa na seli zilizoambukizwa. Ndiyo sababu mtu hupoteza wepesi, umakini na hamu ya kazi, na wenzake humwona mvivu. Ninaumia kila ninaposikia mgonjwa wa namna hii akigombezwa.

Saa 8:00. CD4 zake ni chache mno. Dada ameomba arudishiwe dawa leo hii, nami nimekataa kwa upole: kama kuna kifua kikuu au fangasi kwenye uti wa mgongo, kinga zikiamka ghafla zinaweza kusababisha uvimbe hatari ndani ya kichwa. Lazima kwanza apimwe maji ya uti wa mgongo, na kaswende pia. Nimeandika rufaa ya hospitali ya wilaya, waende leo leo.

Saa 9:30. Wakisubiri gari, yeye mwenyewe ameuliza kama mikono itarudi. Nimemwambia kwamba wengi hupata nafuu kwa miezi kadhaa wakitumia dawa bila kukatiza, ingawa si wote hurudi walivyokuwa. Dada ameahidi kumsimamia kila usiku wakati wa taarifa ya habari. Kwenye faili nimeandika alama za kila sehemu ya kipimo, ili akirudi tulinganishe, na ili atakayempokea baada yangu asisome neno “mtoro” peke yake.