Dona ni afya, ila sio kwa utumbo wangu ukiwa umewaka

Siku hizi kila mtu Mbeya ni daktari wa lishe. Ukienda Mwanjelwa kununua sembe muuzaji mwenyewe anakushangaa, dada chukua dona, hiyo nyeupe haina kitu. Na kwa mtu mwenye utumbo mzima hajakosea hata kidogo. Shida ni kwamba mi nina Crohn, na nusu ya ushauri mzuri wa lishe ukiufuata wakati Crohn imewaka unalala macho.

Kwa wasioijua, ni kinga ya mwili inaugeukia utumbo wenyewe, unavimba, unatoka vidonda, unatulia miezi kadhaa alafu unaanza tena. Ina ndugu yake, kolaitisi ya vidonda, ambayo inakaa kwenye utumbo mpana tu, ila Crohn inaweza kupiga popote kuanzia mdomoni mpaka njia ya haja kubwa na inapenda sana pale mwisho wa utumbo mwembamba. Huku kwetu ukiharisha muda mrefu na kukonda watu wanasema amiba, taifodi, au ule ugonjwa mwingine ambao hawautaji wanakuangalia tu. Hata daktari inabidi ahakikishe kwanza sio TB ya utumbo, maana zinafanana mpaka kwenye kamera ya kuangalia ndani ya utumbo, na mwenye TB ukimpa prednisolone, dawa ya kushusha kinga na uvimbe, peke yake ukidhani ni Crohn ndo unaichochea TB yenyewe.

Sasa chakula. Hakuna chakula kinachoponya Crohn, hamna, hata wakuuzie unga gani wa mizizi kwenye kopo. Dawa zinabaki pale pale. Chakula kinafanya kazi nyingine: usiteseke, usikonde, usiishiwe damu.

Nikiwa nimewaka nakula vitu laini visivyo na makapi. Wali wa mchele wa Kyela uliopikwa na maji mengi mpaka ulegee, viazi mviringo vya kuponda, boga lililomenywa, yai la kuchemsha, samaki, supu ya kuku isiyo na pilipili, ndizi mbivu, na ndo hapo sembe inapopata heshima yake. Peasi za Njombe namenya nachemsha. Nakula kidogo kidogo mara nyingi maana sahani ya kujaza inanimaliza, na kama naharisha sana nakunywa ORS, maji matupu hayarudishi chumvi iliyotoka. Maziwa fresh yananijazia gesi, mtindi unakubali, ila mwingine ni kinyume kabisa kwahiyo usinikopi.

Kande ndo kesi kubwa. Jamani napenda kande, na baridi hii ya Juni nani hapendi, lakini Crohn ikikaa sana inaacha makovu na njia ya ndani ya utumbo inabana sehemu fulani, sasa punje za mahindi na maganda ya maharage yakifika pale yanaweza kukwama kabisa. Ukiona tumbo limejaa, linanyonga, unatapika na hata upepo hautoki, hiyo sio ya kunywa chai ya tangawizi, ni hospitali usiku huohuo.

Kitu kingine watu hawasemi ni vitamini B12. Inafyonzwa pale pale mwisho wa utumbo mwembamba, kwahiyo pakiharibika au pakikatwa unaweza kula maini kila wiki na bado ukapungukiwa, hapo ni sindano. Na prednisolone ukiitumia muda mrefu inakula mifupa, ndo maana dagaa na mtindi kwangu sio mboga ya njaa, nakula kwa makusudi. Diklofenaki za duka la dawa kila kiuno kikiuma nimeacha, zinaweza kuuchokoza utumbo, na kama unavuta sigara na una Crohn basi unaipa nguvu mwenyewe.

Ikitulia narudi kwenye chakula cha kawaida polepole, na hapa ndo wengi wanakosea, wanaogopa mboga maisha yao yote wanabaki na wali mweupe tu. Narudisha mnavu na chainizi iliyokatwa ndogo, maharage yaliyolowekwa usiku na maji yake kumwagwa, parachichi la Rungwe, hata dona. Kuna utafiti wa Marekani wa 2021 ulilinganisha watu wa Crohn wanaokula chakula cha kule Mediterania, yani samaki, mboga, matunda na mafuta ya zeituni, na wengine waliowekwa kwenye mlo mkali unaokataza nafaka zote, na baada ya wiki 6 nafuu ilikuwa karibu sawa. Kwahiyo mi wa kuninyima ugali na wali kabisa sitamsikiliza.

Kazi ngumu kuliko zote ni msibani na harusini. Ukiacha maharage kwenye sahani mama mdogo anasema unaringa, ukikataa kitimoto ya kukaanga unaambiwa umeokoka lini. Nilijaribu kueleza mambo ya kinga ya mwili nikaona macho yanahama, siku hizi nasema tu "nina vidonda kwenye utumbo, daktari amekataza," wanaelewa hapohapo, alafu naenda jikoni kabla ya watu kupakuliwa naomba wali wa juu na mchuzi mtupu.