Tulivyokipanga upya chumba cha korti

Mimi ni karani katika mahakama moja ya mahakimu hapa Nairobi. Chumba chetu ni kidogo, madirisha yanatazama barabara ya matatu, na zamani kizimba cha mshtakiwa na cha shahidi vilikuwa vimekaribiana mno.

Siku ya kesi moja ya unajisi, msichana aliyekuja kutoa ushahidi alilazimika kupita mbele ya mshtakiwa. Alipofika kizimbani sauti ikamkauka kabisa. Kesi ikaahirishwa. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinaruhusu shahidi kama huyo akingwe asionekane na mshtakiwa, lakini kwetu hapakuwa hata na nafasi ya kuweka pazia.

Jioni nilimwendea hakimu. "Mheshimiwa, naomba ruhusa tuhamishe vizimba." Akakubali, mradi nishauriane kwanza na kiongozi wa mashtaka, mawakili na askari wa korti.

Ushauri wa askari ndio uliotufaa zaidi. Alitaka mshtakiwa akae kando ya mlango wanakopitishiwa mahabusu, asikatize tena katikati ya chumba. Shahidi tukamsogeza upande wa pili, karibu na hakimu. Seremala akatutengenezea ubao wa kukunja. Kuusimamisha kulituchukua muda, kwa sababu hakimu na wakili wa utetezi lazima wamwone shahidi vizuri, na mshtakiwa lazima asikie kila neno: Ibara ya 50 ya Katiba inampa haki ya kuupinga ushahidi. Kwa sababu hiyohiyo mkalimani, aliyekuwa akisimama mbele ya meza ya hakimu, sasa anakaa ubavuni mwa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya korti.

Viti vya umma sikuvigusa, maana kesi husikilizwa hadharani isipokuwa mahakama ikiamuru vingine.

Kelele za korido zilipungua nilipoanza kubandika orodha ya kesi yenye saa, za kutajwa asubuhi mapema, za kusikilizwa baadaye. Mashahidi watoto husubiri katika stoo ya faili tuliyoisafisha, wakiwa na mzazi au mlezi.

Msichana yule aliporudi, alizungumza hadi mwisho.

Bado kizimba cha shahidi kina ngazi. Anayetumia kiti cha magurudumu hutoa ushahidi akiwa sakafuni, mbali na maikrofoni. Nimeshaandika kuomba njia ya mteremko, na ninaifuatilia.