Vioo vya rangi vya makanisa ya Moshi: njoo asubuhi, si adhuhuri

Ushauri wa Ulaya ni kuangalia madirisha ya kanisa ya kusini adhuhuri, maana huko jua la mchana hukaa kusini mwaka mzima. Ukiufuata Moshi utakodoa macho bure. Tuko nyuzi 3 na ushei kusini mwa ikweta: kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita kaskazini, upande wa mlima, na miezi iliyobaki hupita kusini. Kokote linakopita, saa sita liko juu mno. Dirisha la ukutani linaambulia kidogo tu.

Kwa hiyo washa dira ya simu kwanza. Dirisha la mashariki ni la saa moja hadi saa tatu asubuhi, la magharibi ni la kuanzia saa kumi jioni. Nenda siku ya kazi, Misa ya asubuhi ikiisha. (Anayezunguka na kamera wakati wa mageuzo, padre anapoweka wakfu mkate na divai, anastahili kutolewa nje.) Mawingu ya Juni na Julai yasikukatishe tamaa. Jua kali hufifisha sura kwenye vioo vya rangi hafifu. Wingu hulainisha mwanga, ukasoma mikunjo ya kanzu na herufi ndogo.

Anzia chini. Hapo ndipo huandikwa jina la aliyetoa dirisha au anayekumbukwa. Kisha tafuta njano kwenye nywele za malaika na mataji: mara nyingi si kipande cha kioo cha njano, ni dawa yenye madini ya fedha iliyopakwa kwa nyuma na kuchomwa tanuruni. Nyekundu nayo ina ujanja wake. Kioo kikiwa chekundu unene wote huonekana karibu cheusi, ndiyo maana mafundi hufunika kioo kisicho na rangi kwa tabaka jembamba la nyekundu.

Kwenye vikanisa vya pembeni, taa nyekundu ikiwaka kuna Ekaristi: piga goti, zima flashi. Mawe ya kumbukumbu yaliyofifia usiyapake chaki wala maji. Laza tochi ya simu ubavuni mwa jiwe, na kivuli kitazijaza herufi. Wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, kwa hiyo kwenye makaburi ya zamani ya misheni usishangae kukuta vifupi vya Kijerumani: *geb.*, yaani alizaliwa, na *gest.*, alifariki.

Sasa simama ukutani, uangalie dirisha kwa ubavu. Limetuna kama tumbo? Vipande vimeshikwa na fito za risasi, metali laini. Jua huzitanua kila siku na hazirudi zote. Puti inayoziba nafasi kati ya kioo na risasi ikidondoka, au nyaya za shaba zinazofunga dirisha kwenye vyuma vya kukaza zikikatika, uzito wote unashuka chini. Likituna kufika sentimita 4 hivi, ni kazi ya fundi wa vioo vya rangi, si ya kusukuma kwa kiganja: kioo kitapasuka kabla risasi haijanyooka.

Uso wa mtakatifu uliobaki mweupe, bila macho wala mdomo, mara nyingi ni rangi ambayo haikuiva vizuri tanuruni, kisha kitambaa chenye dawa ya vioo kikamalizia. Vumbi la Moshi litolewe kwa brashi laini, kavu. Rangi ikiwa inabanduka, hata brashi isiguse.