Texas hakuna kodi, waliniambia

Aliyenishawishi kuhama ni shemeji yangu. "Minnesota wanakukata kodi ya mapato ya jimbo kila mshahara, Texas hawakati hata senti. Umeganda huko unangoja nini?" Kuhusu kodi hakusema uongo: Texas haina hiyo, na Minnesota inaanzia asilimia 5.35. Nikapiga hesabu kwenye simu, nikajiona tajiri. Juni 2019 tukafungasha, mimi, mke na mtoto, kutoka Minneapolis hadi Houston.

Shemeji hakutaja gari. Minneapolis tulikuwa na moja bovu, linalala wiki nzima, maana treni ya Blue Line ilinishusha uwanja wa ndege nilikokuwa nafanya kazi. Houston imetandazwa kama mkeka wa harusini. Mke wangu alivumilia basi wiki mbili, tukanunua gari la pili. Hapo kuna bima (ulizeni bima kabla ya kulipia nyumba, inabadilika mtaa kwa mtaa) na barabara za kulipia zinazokunyofoa bila hata kukusimamisha. Pango lilishuka toka dola 1,300 hivi kwa mwezi hadi 1,100, sawa, lakini kule joto la kipindi chote cha baridi lilikuwa ndani ya pango. Huku kiyoyozi ni juu yako.

Na umeme wa Houston, jamani! Mimi mtoto wa Tanga nimezoea LUKU: unanunua, unatumia, unaisha, unanunua. Huku kampuni za kuuza umeme ni nyingi, unachagua mwenyewe. Nikachagua iliyotangaza bei ya chini kuliko zote, nikawacheka majirani. Kumbe bei ile ilikuwa ya anayetumia kuanzia yuniti 1,000 kwa mwezi. Ukifika hapo unarudishiwa dola 100. Kiangazi sikujua lolote, kiyoyozi kilinivusha mbali. Novemba hali ya hewa ikawa nzuri, nikazima kila kitu, nikajisifu kwa kubana matumizi. Bili ikaja: yuniti 987, dola 158. Kwa yuniti 13 ambazo sikutumia nimepoteza dola mia! Usiku ule sikulala.

Desemba nikaamka. Mita inasomeka mtandaoni, jana yake unaiona leo. Siku mbili kabla ya mwezi wa bili kufungwa nilikuwa na 962. Nikawasha oveni, nikaoka mikate ya kumimina mpaka samli ikaisha. Nikaingiza mashuka makavu kwenye mashine ya kukaushia. Mke wangu akasimama mlangoni, "Baba Nuru, unakausha nini hapo?" Nikamwambia nakausha dola mia. Tulifunga na 1,004. Jengo zima lilikula mkate, na jirani mmoja Mnigeria hadi leo anauliza sikukuu ile ni lini tena. Mkataba ulipoisha nikachukua wa bei moja isiyo na vijimasharti. Someni ile karatasi ya masharti inayoonyesha bei kwa kiasi cha matumizi, safu ya yuniti 500 na ya 2,000 pia, si ya 1,000 peke yake.

Sisemi Houston ni mbaya. Nyama ya mbuzi halali ya mtaa wa Hillcroft, mihogo, bamia mbichi, mtoto anacheza nje Januari. Nguo ndizo zinanikera: Minnesota hazitozwi kodi ya mauzo, huku asilimia 8.25. Mwisho wa mwaka nilipojumlisha vyote, nilikuwa nimebakiwa na kama dola 60 zaidi kwa mwezi kuliko Minneapolis. Ndiyo utajiri wenyewe.

Makoti ya baridi shemeji alisema niyagawe, nikagawa yote isipokuwa langu, kwa uchoyo tu. Februari 2021 barafu ikaipiga Texas, umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu, na sisi tumo. Tulilala watatu chini ya koti lile la Minneapolis. Shemeji alipiga simu kuuliza kama nina jingine.