Grafu ilisema laini ina nafasi, picha zikaendelea kukatika

Nafanya kazi ya mtandao kwenye kampuni inayorusha chaneli za televisheni kwa setilaiti. Watu wakisikia hivyo hudhani tunatumia kipimo data cha kutisha. Hesabu yenyewe ni ndogo. Transponda moja, yaani njia moja ya masafa kwenye setilaiti, ikitumia kiwango cha urushaji cha DVB-S2 kwa mpangilio wetu (8PSK, alama 27,500 elfu kwa sekunde, na FEC 3/4, yaani robo ya biti zikiwa za kusahihisha makosa), hubeba megabiti 61 hivi kwa sekunde. Sisi tulikuwa na transponda sita, jumla megabiti 366. Chaneli zote, za mpira, katuni na habari, zilikuwa zinapita kwenye laini moja ya gigabiti moja kutoka studio hadi kituo cha kurushia, na nafasi ikabaki. Watazamaji wawe mia au milioni, mzigo hauongezeki hata biti moja. Kila dishi linachota mawimbi yaleyale.

Ndiyo maana malalamiko ya chenga yalipoanza kumiminika, mtandao haukushukiwa. Ilishukiwa mvua, maana kwenye bendi ya Ku, masafa ya setilaiti tunayotumia, mvua ni mshukiwa wa kudumu. Lakini picha zilikuwa zinakatika kwa wateja wote sekunde ileile. Mvua ingeweza kufanya hivyo kama ingekuwa inanyesha juu ya kituo chenyewe cha kurushia, na pale kulikuwa kukavu. Waliotukodisha laini wakatuma grafu: matumizi asilimia 55, laini safi. Kikao kikaisha hapo, kila mtu akiwa na ushahidi kwamba tatizo si lake.

Nikaamua kufuata pakiti zenyewe. Mkondo wa televisheni hukatwakatwa kuwa vipande vya baiti 188, kisha vipande saba hupakiwa ndani ya pakiti moja ya IP: baiti 1,316, ambazo zinaenea chini ya kikomo cha 1,500 bila kugawanywa. Husafirishwa kwa UDP, utaratibu wa kutuma bila kungoja majibu, na kwa UDP kilichopotea kimepotea, hakuna anayeomba kirudiwe. Transponda moja hutoa karibu pakiti 5,800 kila sekunde. Ukipoteza moja tu katika milioni, mtazamaji anapata doa kwenye picha kila baada ya dakika tatu hivi. Kwenye barua pepe hasara ya kiwango hicho isingeonekana maishani. Kwenye fainali ya mpira ni simu za wateja mpaka usiku.

Kila kipande cha baiti 188 kina kaunta inayohesabu 0 hadi 15 kisha kuanza upya, na kila PID, yaani kila picha au sauti iliyomo ndani, ina hesabu yake. Nikarekodi mkondo mahali unapotoka studio na mahali unapoingia kwenye moduleta, mtambo unaougeuza kuwa mawimbi ya kurushwa, nikakaa na rekodi hizo mbili ubavu kwa ubavu. Ulipotoka, hesabu zilikuwa zimenyooka. Ulipoingia, kulikuwa na mapengo. Nikajumlisha vipande vilivyokosekana kwenye PID zote kwa kila tukio: saba. Tukio jingine kumi na nne. Mara mojamoja sita, pale kilichopotea kilipokuwa pamoja na kipande kitupu cha kujazia, ambacho kaunta yake haina maana. Angani vipande havipotei kwa mafungu ya saba. Mafungu ya saba ni alama ya pakiti ya IP iliyoanguka nzima nzima. Niliipenda namba ile, kwa sababu haikuacha nafasi ya ubishi.

Sasa swali likawa pakiti zinaangukaje kwenye laini ambayo karibu nusu yake ni tupu. Grafu haikudanganya, ila ilikuwa wastani wa dakika tano. Ukihesabu watu wanaopita lango la uwanja kwa siku nzima, utaona lango linatosha kabisa. Ngoja mechi iishe. Kwetu, seva ya kuhifadhi vipindi ilikuwa inatuma mafaili kupitia laini ileile, nayo ilikuwa imeunganishwa kwenye swichi kwa gigabiti 10. Kwa kitambo kidogo sana ilimwaga data kwa kasi yake yote kuelekea mlango wa gigabiti moja. Bafa ya swichi, yaani kumbukumbu ambamo pakiti husubiri zamu, ikiwa ya megabaiti moja hujaa chini ya milisekunde moja katika hali hiyo. Ikijaa, swichi hutupa pakiti bila kujali ni faili au ni mpira. Faili hutumia TCP, utaratibu unaorudia kilichopotea, litatumwa tena. Mpira hautumwi tena.

Dawa haikuwa kununua laini kubwa zaidi, ingawa ndilo pendekezo lililopata makofi kikaoni. Nilizitia alama pakiti za video kwa DSCP, alama ya kipaumbele iliyomo kwenye pakiti ya IP, na kuzipa foleni yake inayotangulia zote, kisha nikabana seva ya mafaili isizidi megabiti 200, kwa kuzipanga pakiti zake ziachiane nafasi. Mapengo yakaisha. Baadaye tukaongeza laini ya pili, mkondo uleule ukitumwa mara mbili kwa kiwango cha SMPTE 2022-7, na kipokeaji kikichukua pakiti yoyote iliyofika salama. Hapa nilisumbuka zaidi na ramani kuliko mitambo: unatakiwa kuhakikisha nyaya hizo hazipiti mtaro mmoja, la sivyo koleo moja litazikata zote. Bafa ya kusawazisha tofauti ya njia hizo iliongeza ucheleweshaji wa milisekunde chache, na setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta inakula robo sekunde peke yake, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Halafu ikaja programu ya simu, na hapo hesabu zote ziligeuka. Kwenye intaneti kila mtazamaji anatumiwa mkondo wake. Watazamaji 20,000 kwa megabiti tano kila mmoja ni gigabiti 100, ilhali wateja wote wa madishi walikuwa wanatosheka na megabiti 366. Hatukujaribu kuzisukuma zote kutoka kwetu. Tuliweka seva za akiba ndani ya mitandao ya watoa huduma za intaneti, kila kipande cha video (hapa ni faili la sekunde chache, si kile cha baiti 188) kikatoka kwetu mara chache na kugawiwa kulekule.

Lililobaki ni kwamba mwenye simu husikia jirani mwenye dishi akishangilia goli kabla yake. Vipande vya sekunde sita, na simu kuanza kucheza ikiwa nyuma vipande vitatu, ni sekunde 18 tayari. Ukifupisha kuwa sekunde mbili, maombi kwenye seva yanakuwa mara tatu. Tumeweka sekunde mbili kwa chaneli za michezo pekee. Tamthilia zimebaki na sita.