Usiniambie Ni Kizuri Tu

Jumapili jioni

Ubishi wa jana kwenye baraza ya Mwalimu bado unanizunguka kichwani. Tulikutana Ngamiani, hapa Tanga, kama ilivyo desturi yetu, kila mtu na kitabu alichokimaliza karibuni, na kama ilivyo desturi yetu kitabu kimoja kikameza nusu ya kikao. Safari hii ilikuwa zamu ya Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Aliiandika kwa Kiingereza ikatoka 1994; Ida Hadjivayanis akaifasiri, Mkuki na Nyota wakaichapa 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Nobeli. Sisi tunayo nakala moja. Imeshapita mikononi mwa karibu kila mtu pale, na pembe za jalada zimeanza kujikunja.

Ambaye hajaisoma na anataka kuisoma, aziruke aya nne zinazofuata.

Dada muuguzi hata hakusubiri kahawa. "Mimi kitabu hiki kimeniudhi," akasema, akakiweka katikati ya mkeka. Kilichomuudhi ni mwisho. Yusuf ametolewa na babake kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni. Amekulia dukani pamoja na Khalil, ameingia bara na msafara wa biashara, ameona watu wanavyokufa njiani na wanavyoporwa mali. Baada ya yote hayo, siku anayopata kuchagua mwenyewe, anawakimbilia askari wa Mjerumani! "Mtoto ametoka kwenye rehani moja anajipeleka kwenye nyingine kwa miguu yake. Mwandishi amemwonea."

Mwalimu alimwacha amalize, akavua miwani. "Haya mwanangu, wewe ungempeleka wapi?"

"Kwao."

"Kwao kwa nani? Kwa baba aliyemtoa?" Dada akanyamaza, lakini si kunyamaza kwa aliyeshindwa, niliona anatafuta. Mimi hasira yake naielewa kabisa, ila naona mwandishi aliianza kazi ya mwisho ule tangu kurasa za mwanzo. Aziz si mtu wa kelele wala kiboko. Ni mpole, ananukia vizuri, na kila akija nyumbani kwa kina Yusuf humwachia mtoto sarafu. Mtoto anamsubiri mgeni kwa hamu ya ile sarafu, na mgeni huyohuyo ndiye anayekuja kuondoka naye. Hakuna aliyewahi kumuuliza Yusuf anataka nini. Mtu aliyelelewa hivyo atajifunzia wapi kuchagua? Niliposema hayo, dada akanijibu kwamba kuelewa kitu si kukubali, na hapo sikuwa na la kuongeza. Nilikipenda kitabu hicho, na nimekipenda zaidi tangu yeye alipokikasirikia.

Ndiyo maana siku hizi mtu akinipendekezea kitabu kwa neno "kizuri" tu, simwachii hapo. Kizuri wapi? Ulisimama ukurasa gani? Nani alikuudhi? Mwalimu ana kawaida moja ambayo natamani kila mwenye kuazimisha vitabu angeiiga: ndani ya jalada la nyuma huchomeka karatasi ya daftari, na kila msomaji anaandika ukurasa uliomsimamisha na sababu, kwa mstari mmoja. Si sifa, si alama. Karatasi ya Peponi imejaa pande zote mbili na watu wawili wametaja ukurasa uleule kwa sababu zinazopingana. Ukikiazima kitabu, unaazima na watu waliokutangulia.

Baada ya hapo alisema binti wa kidato cha pili, mjukuu wa jirani, ambaye huja kimya, akaamkia wakubwa wote, akakaa pembeni karibu na mlango. Jana kwa mara ya kwanza alikuwa na kitabu chake: Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha 1952. Alikichagua, anasema, kwa kuwa ni chembamba. Sisi watu wa Tanga tunamtaja Shaaban Robert kwa fahari, kazaliwa hapa Vibambani mwaka 1909, lakini kumtaja na kumsoma ni mambo mawili, na niliona wazee wanakaa sawa kusikiliza.

Swali lake lilikuwa hili. Hasidi na Mwivu walimtendea ndugu yao ubaya, wakageuzwa manyani, hilo amelikubali. "Lakini kwa nini Adili ndiye aambiwe awachape kila usiku? Yeye ndiye aliyekosewa, na bado anaadhibiwa." Akatuonyesha kwa kidole pale Adili anapowachapa huku moyo unamuuma. Sijawahi kukiona kitabu kile kwa upande huo. Nilikisoma utotoni kama hadithi ya wabaya kupata malipo yao, na nina hakika wengi wetu tulifundishwa hivyo: wivu mbaya, wema una thawabu, funga daftari. Binti huyu amemwona mtu mwema anayelazimishwa kushika kiboko asichokitaka, usiku baada ya usiku. Mwalimu alimwomba arudie swali, polepole, akalinakili kwenye karatasi ya nyuma kwa mkono wake mwenyewe na kuweka umri wa msomaji pembeni.

Hapa kuna jambo linaloniumiza kwa dhati. Riwaya zetu nyingi tulizijua kwanza kama vitabu vya mtihani. Tulikariri wahusika, dhamira, mbinu za kisanaa, tukajibu maswali, tukazirudisha, basi. Ukimuuliza mtu mzima leo kama ameisoma riwaya fulani atakwambia "hiyo nilishaisoma shuleni," na mlango umefungwa. Vitabu hivyo viliandikwa na watu wazima kwa ajili ya watu wazima! Rosa Mistika ya Kezilahabi ilipotoka 1971 iliwatia watu hofu kiasi cha kupigwa marufuku mashuleni kwa muda. Kitabu cha namna hiyo hakimalizwi na mtoto wa miaka kumi na saba anayewaza kupata alama.

Shoga yangu wa Makorora ameirudia mwezi huu, sasa akiwa mama wa mabinti. Shuleni, anasema, darasa zima lilimlaumu Rosa, naye alikuwa mmoja wao. Safari hii alisimama mapema sana, pale Zakaria anapompiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, akashindwa kuendelea hadi siku ya pili. Alilolisema jana nimelinakili hapa nisilisahau: "Zakaria alimchunga Rosa kwa fimbo asimkaribie mwanaume yeyote, na hakumfundisha hata siku moja namna ya kuzungumza nao." Hakusema zaidi. Kina baba wawili waliokuwepo hawakuchangia kitu, ila mmoja aliomba kitabu, na ndicho kilichoondoka cha kwanza.

Vuta N'kuvute ya Adam Shafi sitaiandikia mengi kwa sababu imeshasemwa sana huku tangu filamu ya Amil Shivji ilipotoka 2021. Fundi simu aliifuata riwaya baada ya kuona filamu, na alichokitaka tuelewe ni kwamba kwake roho ya kitabu ni Mwajuma, si Yasmin wala mpenzi wake Denge. Yasmin anamkimbia mume mzee, sawa, lakini kukimbia kunahitaji mlango wa kuingilia, na mlango huo ni chumba cha Mwajuma kule Ng'ambo, Unguja. Namuunga mkono. Ningependa mtu aandike juu ya Mwajuma peke yake.

Mwishoni tuligawana vya kusoma. Peponi imekwenda kwa mwalimu wa hisabati ambaye anadai hapendi riwaya. Dada muuguzi amemkabidhi mwenyewe na kumwonya asianze kumtetea Aziz. Mimi nilitaka Kuli, ile ya Adam Shafi ya 1979 inayomfuata Rashidi na makuli wa bandari ya Unguja hadi kwenye mgomo wa 1948, lakini mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini hapa Tanga maisha yake yote ameiomba kabla yangu. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo. Tumekubaliana kwamba yule binti wa kidato cha pili atamsomea jioni akishamaliza kazi za shule, na mzee ameweka sharti: wakifika kwenye kazi za melini asome taratibu, maana pale atakuwa na mengi ya kumsahihisha mwandishi. Binti ameuliza kama anaruhusiwa kuyaandika hayo masahihisho kwenye karatasi ya nyuma. Mwalimu amempa karatasi tatu.